Mlima Usiokuwapo: Hoja ya Kutumia Nchi ya Kubuni katika Somo la Jiografia

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa la tano, nikimsikiliza mwanachuo akifundisha somo la milima. Andalio lake la somo lilikuwa safi, ramani yake ya ukutani ilichorwa kwa uangalifu, na sauti yake ilifika hadi dawati la mwisho. Watoto walitamka kwa pamoja, kama wanaoimba, kwamba Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Walitaja Meru, wakataja Usambara, wakataja Uluguru. Kisha mwanachuo huyo, kwa nia njema kabisa, akampa mtoto mmoja chaki na kumwambia achore ubaoni mlima na mto. Mtoto akachora mlima mzuri wenye kilele. Halafu akauchora mto ukianzia bondeni upande wa kushoto, ukaupanda mlima, ukapita kileleni, na kuteremka upande wa pili. Darasa zima lilitulia. Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyeona kosa.

Simlaumu mtoto yule, wala simlaumu mwanachuo aliyemfundisha. Mtoto alijua kila alichofundishwa: majina, urefu, na mikoa ilimo milima. Hakufundishwa mlima ni kitu gani na unafanya kazi gani katika nchi. Mwanachuo naye alimpa mtoto kile alichopewa yeye alipokuwa mtoto. Hivyo ndivyo kasoro inavyorithiwa, kizazi hadi kizazi, kwa nia njema.

Katika makala haya napenda kutoa hoja ambayo huenda wasomaji wengine wakaiona ya ajabu. Nasema kwamba mojawapo ya njia bora za kumfundisha mtoto mlima wa kweli ni kumpa kwanza mlima usiokuwapo. Mlima wa kweli tayari una majibu yake kitabuni, na mtoto hukimbilia kuyakariri. Mlima wa kubuni hauna majibu yoyote isipokuwa yale atakayoyatafuta yeye mwenyewe kwa akili yake. Ili hoja isielee hewani, nitachukua mfano mmoja halisi: safu ya milima iitwayo Crystalmist, ambayo haimo katika dunia yetu bali imo katika ulimwengu wa mchezo uliotungwa nchini Marekani.

Mchezo wenyewe

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, ulichapishwa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watungaji wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Si mchezo wa kukimbia, wala si mchezo wa kete kama bao au drafti. Wachezaji huketi pamoja, na mmoja wao huwa msimamizi. Yeye ndiye anayeijua nchi ya kubuni, naye huwaeleza wenzake wanachokiona, wanachokisikia na kinachowakabili. Kila mmoja wa wale wengine huchukua uhusika wa mtu fulani, awe askari, mganga au mwizi, na kusema atafanya nini. Jambo likiwa na shaka, kwa mfano kuruka ufa katika barafu, hurushwa dadu. Mwishoni hapatafutwi mshindi mmoja. Kundi zima hufaulu au hushindwa pamoja, na safari yaweza kuendelea kwa miezi au miaka.

Mwalimu asiudharau mchezo wa namna hii kwa kuwa umeitwa mchezo. Wazo la kuwa na msimamizi anayewaeleza wachezaji hali ilivyo na kuamua matokeo ya vitendo vyao lilitumika kufundishia zamani sana. Mwaka 1824, katika jeshi la Prusia, ofisa kijana aliyeitwa von Reisswitz alitoa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, ukiwa na dadu na mwamuzi, na jeshi lile likautumia kuwafunza maofisa wake. Kadhalika, kanuni za kwanza za mchezo wa mwaka 1974 ziliwaelekeza wachezaji kutumia, kwa safari za porini, ubao wa mchezo mwingine uliotolewa mwaka 1972, uliohusu watu waliopotea nyikani wakipambana na njaa na kiu. Kwa hiyo, nyuma ya majitu na mazimwi yanayojaa katika mchezo huu, pana swali la kawaida kabisa ambalo kila msafiri hujiuliza: nitapita wapi, nitakula nini, na nitafika lini?

Milima ya Crystalmist

Gygax alipoanza kucheza na jamaa na rafiki zake, nchi yake ya kubuni aliiweka juu ya ramani ya Amerika ya Kaskazini, na mji wake mkuu aliuweka karibu na mahali ulipo mji wa Chicago. Baadaye, alipotakiwa kuichapisha nchi hiyo, alichora ramani mpya, na ukubwa wake ulifuata ukubwa wa karatasi mbili kubwa ambazo mchapaji aliweza kuzishughulikia. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1980 kwa jina la The World of Greyhawk. Ramani yake iligawanywa katika vyumba vidogo vyenye pembe sita, na kila chumba kiliwakilisha maili 30, yaani kama kilomita 48.

Upande wa magharibi wa ramani hiyo imesimama safu ya Crystalmist. Ukitokea kaskazini utakutana kwanza na vilele viitwavyo Barrier Peaks. Ukielekea kusini safu inaendelea hadi milima ya volkano iitwayo Hellfurnaces. Mashariki, chini ya milima, zimo nchi za watu ziitwazo Geoff na Sterich. Magharibi, nyuma ya milima, limo jangwa la majivu liitwalo Bahari ya Vumbi, mahali palipokuwa na dola kubwa iliyoangamizwa kwa uchawi wa vita; hadithi inasema wazao wa dola hiyo walikimbia kwa kuvuka milima kuelekea mashariki. Mto uitwao Javan hushuka kutoka upande wa milima na hatimaye humwaga maji yake katika bahari ya kusini.

Miaka miwili kabla ya ramani hiyo kuchapishwa, yaani mwaka 1978, vilitolewa vijitabu vitatu vya safari ambavyo baadaye viliwekwa katika milima hiyo. Kijitabu cha kwanza kinawapeleka wachezaji kwenye makazi ya majitu ya vilimani. Cha pili kwenye ufa wa barafuto yanakokaa majitu ya barafu. Cha tatu kwenye pango la volkano linalotawaliwa na mfalme wa majitu ya moto. Majitu hayo yamekuwa yakishambulia nchi za watu walio chini, na mabwana wa nchi hizo wanawatuma wachezaji kwenda kulipiza kisasi.

Tazama sasa, ndugu mwanachuo, yaliyokusanyika katika maelezo haya mafupi: vilima vya chini, barafuto, volkano, jangwa, mto, njia za kuvukia, mipaka ya nchi, na watu waliohama. Hiyo ni karibu orodha nzima ya mada ya milima tunayoifundisha. Tofauti ni kwamba hapa mambo hayo yameunganishwa katika jambo moja lenye sababu na matokeo, ilhali daftarini mwa watoto wetu yameandikwa kama vichwa vya habari visivyojuana.

Mlima unaouliza maswali

Faida ya kwanza ya nchi ya kubuni ni kwamba inamlazimisha mtoto kufuata kanuni za maumbile bila kuambiwa afuate. Chukua safari. Tuseme kundi linataka kuivuka safu, na umbali wa njia ya mlimani ni vyumba vitatu vya ramani, yaani kilomita 144. Mtu akitembea kilomita 24 kwa siku katika nchi tambarare, umbali huo ni siku sita. Lakini mlimani mwendo hupungua. Tukikubaliana kwamba hupungua kwa nusu, safari itakuwa ya siku kumi na mbili. Je, kundi lenye chakula cha siku nane lifanye nini? Lizunguke kwa njia ya tambarare yenye vyumba saba, yaani siku kumi na nne? Lingoje mavuno? Litafute kijiji njiani? Hapo mtoto amefanya hesabu ya kuzidisha na kugawanya, amesoma skeli ya ramani, na ameelewa kwa nini barabara nyingi huzunguka milima badala ya kuipanda. Hakuna aliyemwambia akariri lolote.

Chukua pia Bahari ya Vumbi. Mtungaji anasema nchi hiyo iliunguzwa na mvua ya moto usio na rangi iliyoletwa na wachawi wa dola adui. Ni sababu ya kihadithi, nayo inatosha kwa hadithi. Lakini mwalimu mwenye busara atauliza: tusingekuwa na wachawi, je, jangwa lingeweza kuwapo nyuma ya mlima? Waache watoto wabishane. Mmoja atasema upepo wenye unyevu unapotoka baharini na kuupanda mlima, hewa hupoa na mvua hunyesha upande ule unaokabili upepo. Upande wa nyuma hubakiwa na hewa kavu. Ikiwa hayupo anayejua, mwalimu atawaongoza kwa maswali hadi wafike. Ndipo awageuzie uso kwenye nchi yao wenyewe: kwa nini miteremko ya mashariki ya Uluguru, inayokabili Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi kuliko ile ya magharibi? Kwa nini kusini mwa Kilimanjaro kuna migomba na mifereji, na kaskazini nchi ni kavu? Mtoto aliyekwisha kulitafuta jibu kwa ajili ya nchi ya kubuni atalipokea jibu la nchi yake kama mtu anayefahamiana nalo.

Majitu ni akina nani?

Faida ya pili nataka kuieleza pamoja na onyo, maana hapa mchezo huu una kasoro kubwa, na mwalimu asiyeiona atawadhuru watoto.

Katika milima ya Crystalmist watu wema wanaishi chini na waovu wanaishi juu. Majitu ni maovu kwa kuzaliwa. Hayahitaji sababu ya kushambulia, na mchezaji hahitaji sababu ya kuyaua. Fikiri jinsi maneno hayo yatakavyosikika katika darasa ambamo nusu ya watoto wametoka vijiji vya mlimani. Nani asiyejua kwamba hata katika nchi zetu watu wa tambarare na watu wa milimani wamezoea kutaniana, na kwamba utani huo mara nyingine hugeuka dharau? Mtoto akizoea, japo kwa mchezo, kwamba wakazi wa mahali fulani ni waovu wote, amejifunza somo baya kuliko kutojua jiografia.

Wapo watakaosema: basi tuuache mchezo wenyewe. Mimi nasema tuugeuze kasoro yake iwe somo. Hata vijitabu vyenyewe vinatoa mlango. Mchezaji makini hugundua kwamba nyuma ya mashambulizi ya majitu kuna wengine, viumbe wa chini ya ardhi waitwao Drow, wanaoyachochea kwa manufaa yao wenyewe. Tena, chini ya makazi ya majitu ya vilimani wamo watumwa waliouasi utawala wa mabwana zao, nao wanaweza kuwa marafiki wa mgeni anayetaka kuzungumza badala ya kupigana. Yaani mtungaji mwenyewe alijua kwamba vita haianzi pale panapoonekana moshi.

Kwa hiyo mwalimu aulize maswali yafuatayo kabla ya safari yoyote kuanza. Watu wa mlimani hawa wanakula nini? Chumvi wanaipata wapi? Mwaka barafu inaposhuka chini zaidi, mifugo yao inakwenda wapi? Nani aliwahi kuichukua ardhi ya malisho iliyokuwa yao? Na nani ananufaika wakigombana na watu wa chini? Baada ya maswali hayo, kundi moja la watoto lipewe uhusika wa majitu. Wahenga walisema milima haikutani lakini binadamu hukutana. Darasani tunaweza kuwakutanisha watu wa milimani na wa bondeni, wakazungumza juu ya maji na malisho, na kila upande ukasema shida yake kwa kinywa chake. Mtoto aliyewahi kuwa jitu kwa nusu saa hatakuwa mwepesi wa kumwita mwenzake jitu.

Namna ya kufanya

Huenda unajiuliza, ndugu mwanachuo, vitabu hivyo vya Marekani utavipata wapi, na kwa fedha gani. Huvihitaji. Nilivieleza ili uone kwamba jambo hili limefanywa na watu wazima wenye akili, kwa makini na kwa miaka mingi. Unachohitaji ni udongo, maji, karatasi na chaki. Napendekeza hatua nne.

Hatua ya kwanza hufanyika nje ya darasa. Gawa watoto katika makundi ya wanane au tisa. Kila kundi lifinyange safu ya milima kwa udongo wenye unyevu, kisha limwagie maji taratibu kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Maji hufuata mkondo. Yatashuka yenyewe, yatakusanyika bondeni, na yatawaonyesha watoto mahali mito inapozaliwa. Hapo hutahitaji kumsahihisha mtoto aliyedhani mto waweza kuupanda mlima. Maji yatakuwa yamemsahihisha, wala hatakuwa ameaibishwa mbele ya wenzake.

Hatua ya pili ni ramani. Kila kundi lihamishie nchi yake katika karatasi ya daftari la hesabu lenye mirabamraba. Mraba mmoja uwe kilomita tano. Watoto waweke alama za kilele, mto, msitu, kijiji na njia ya kuvukia, na waandike ufunguo wa ramani pembeni. Kila jina walitunge wao wenyewe kwa lugha wanayoijua, na wawe tayari kueleza sababu ya jina hilo.

Hatua ya tatu ni safari. Mtoto mmoja katika kila kundi awe msimamizi, mwingine awe mwandishi wa shajara, na waliobaki wawe wasafiri. Dadu itengenezwe kwa karatasi ngumu iliyokunjwa kuwa mchemraba, au zitumike namba zilizoandikwa kwenye vipande vya karatasi na kuwekwa katika kofia. Kanuni ziwe chache: mwendo wa tambarare, mwendo wa mlimani, na kiasi cha chakula. Uamuzi mkubwa usiachiwe dadu. Dadu iamue yale tu ambayo hata katika maisha mtu hawezi kuyajua mapema, kama vile mvua kunyesha au daraja kuvunjika. Wewe mwalimu pita katika makundi, sikiliza, na uulize swali moja tu kila unaposimama: kwa nini?

Hatua ya nne ndiyo inayosahauliwa, na bila hiyo kazi yote itakuwa mchezo mtupu. Warudishe watoto kwenye mlima wa kweli ulio karibu na shule yao, au ulio katika ramani ya ukutani. Wafuatishe Mto Ruvu kutoka Uluguru hadi Bahari ya Hindi, na waeleze mkazi wa Dar es Salaam anayefungua bomba ana uhusiano gani na mkulima anayekata mti mlimani. Kisha jaribio lako la mwisho wa mada lisianze kwa neno "taja". Lianze kwa "eleza kwa nini".

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni hili: tuna milima yetu wenyewe, tunakwenda kutafuta nini katika milima ya kubuni ya Wamarekani? Pingamizi hili lina uzito, na mimi ni wa kwanza kuchukia kasumba ya kudhani kwamba cha kigeni ndicho bora. Lakini soma tena hatua nilizozitaja. Mlima wa Kimarekani hauingii darasani kabisa. Kinachoingia ni njia ya kazi, na mlima utakaofinyangwa ni wa watoto wetu. Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka elimu imjengee mtoto akili ya kudadisi pamoja na uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukubali au kukataa kulingana na mahitaji yake. Nimependekeza tuikubali njia na tuukatae uovu wa kuzaliwa nao. Sioni utumwa wowote hapo.

Pingamizi la pili ni kwamba mchezo huu una uchawi, na kwamba kumfundisha mtoto mambo yasiyokuwapo ni kumfundisha uongo. Hata huko Marekani, katika miaka ya 1980, baadhi ya wazazi na watu wa dini waliupinga mchezo huu kwa madai kwamba unaingiza watoto katika uchawi. Kuhusu uchawi, jibu ni jepesi: hatua nilizoeleza hazina uchawi wowote, na mwalimu anayejua imani za wazazi wa kijiji chake atakuwa mwangalifu. Kuhusu uongo, napenda kukumbusha kisa cha kweli.

Mwaka 1798 mchora ramani Mwingereza, James Rennell, alichora katika ramani ya Afrika ya Magharibi safu ndefu ya milima iliyoitwa Milima ya Kong. Milima hiyo haikuwapo. Hata hivyo ilinakiliwa katika ramani nyingi kwa muda mrefu wa karne ya 19, hadi Mfaransa Louis-Gustave Binger alipopita huko katika safari yake ya 1887 hadi 1889 na kueleza kwamba hakuiona. Kwa upande mwingine, mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake, lakini mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyekuwa London, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwapo huko. Mlima wa uongo ulisadikiwa kwa kuwa ulikuwa umechapishwa. Theluji ya kweli ilikanushwa kwa kuwa haikulingana na vitabu. Wasomi hao hawakukosa maarifa. Walikosa desturi ya kuuliza: hili tumelijuaje? Mtoto aliyechora ramani kwa mkono wake, akajua kwamba ameibuni, anajua pia kwamba ramani ni kazi ya binadamu na yaweza kukosewa. Uongo ni kumpa mtu cha kubuni na kukiita cha kweli. Kumpa cha kubuni na kukiita cha kubuni ni kumwamini kwamba anaweza kutofautisha.

Pingamizi la tatu ni la wakati na mtihani. Mwanachuo atasema kwamba vipindi ni vichache, mada ni nyingi, na mkaguzi atataka kuona azimio la kazi limekamilika. Hapa sitaki kumdanganya mtu. Njia hii inachukua vipindi vitatu au vinne mahali ambapo kukariri huchukua kimoja. Lakini hesabu vipindi tunavyotumia kurudia yale yaliyokaririwa na kusahauliwa, kisha uamue ni njia ipi iliyo ndefu. Wala sisemi kila mada ifundishwe hivi. Mara moja kwa muhula inatosha, iwapo itafanywa vizuri.

Pingamizi la nne ni kelele. Ni kweli, kutakuwa na kelele. Mwalimu mkuu atapita dirishani na kuuliza kuna nini. Mwalike aingie, akae katika kundi mojawapo, na awaulize watoto kwa nini kijiji chao wamekiweka pale walipokiweka. Majibu atakayopewa yatakutetea kuliko maneno yako.

Hitimisho

Narudi kwa mtoto yule aliyeupandisha mto mlimani. Baada ya miaka michache atakuwa mtu mzima. Huenda akalima kwenye mteremko, na ataamua mwenyewe kama aache miti kando ya chemchemi au aikate. Huenda akaketi katika kamati ya maji ya kijiji, ambamo watu wa juu na watu wa chini wanagombania mfereji mmoja. Siku hiyo hakuna atakayemuuliza urefu wa Kilimanjaro. Ataulizwa, kwa vitendo, maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na kama wale wanaoishi upande wa pili wa mlima ni majitu au ni watu. Akikosa majibu hayo, hasara itakuwa ya kijiji kizima, na sisi walimu tutakuwa na sehemu yetu katika hasara hiyo.

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda katika mazoezi yako ya kufundisha, chukua kopo lililotobolewa. Watoe watoto nje, wape udongo, na uwaambie watengeneze mlima ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona. Halafu wamwagie maji, na wewe nyamaza kidogo, uwaache waangalie.